Mjomba, kilo mia na ghala la siku moja

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kunong'ona kwamba nimepigwa disko kimyakimya... bado nipo jamani, nipo sana tu! Ni testi juu ya testi, ni bumu lililochelewa, na ni kibarua changu cha jioni, ambacho ndicho kimenifanya leo nikae chini niandike. Sina stori za hosteli wala za foleni ya maji. Leo nataka tuongelee namba moja. Namba yenyewe ni 1.

Kwa wale wa sheria, ualimu na sanaa za maonyesho (nawapenda sana, msikimbie) nitaanza mbali kidogo. Kuna kitu kinaitwa ghala la data. Ni hifadhidata kubwa ambako ofisi inakusanya taarifa zake kutoka kwenye mifumo midogomidogo ili ipige hesabu na kutoa ripoti. Siku hizi maghala mengi hayako ofisini kwa mtu. Yako kwenye wingu, yaani kwenye seva za watu wengine huko mbali, unalipia unavyotumia kama umeme. Majina makubwa ni Snowflake, BigQuery ya Google, Redshift ya Amazon na wenzao. Ofisi ninayofanyia kibarua inatumia Snowflake. Jina la ofisi nalihifadhi, maana bado nataka kuendelea kula.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Ndani ya Snowflake, jedwali ukilibadilisha, maandishi ya zamani hayafutwi palepale. Data imekatwa vipande vidogo vya mafaili, na kipande kikishaandikwa hakiguswi tena. Ukibadilisha mstari mmoja, mashine inaandika kipande kipya chenye mstari huo uliorekebishwa na kukiweka cha zamani pembeni. Kwa hiyo kwa muda fulani unaweza kuliuliza jedwali: hebu nionyeshe ulivyokuwa jana saa nne asubuhi. Nalo linakuonyesha! Hata ukilifuta jedwali zima, unaandika UNDROP linarudi kama vile hakuna kilichotokea. Wenyewe wameibatiza Time Travel. Mara ya kwanza kuona nilipiga kelele maabara nzima ikageuka.

"Kwa muda fulani" ndiyo kesi yetu ya leo. Muda huo mtu anaupanga kwa kuandika idadi ya siku kwenye kipengele kinachoitwa DATA_RETENTION_TIME_IN_DAYS. Usipogusa kitu, ni siku 1. Ukiwa kwenye daraja la chini la malipo, huwezi kuzidisha hapo, unachagua 0 au 1 basi. Ukipanda madaraja ya juu unaruhusiwa hadi siku 90. Siku zako zikiisha, kipande kinaingia kwenye chumba cha mwisho kinachoitwa Fail-safe, kinakaa siku 7, na chumba hicho ufunguo huna wewe. Inabidi uwaombe Snowflake wenyewe wakutolee, tena kwa dharura. Baada ya hapo kimekwenda na maji. Jirani yake BigQuery yeye anaanza na siku 7, na unaweza kushusha hadi 2, huwezi kupandisha zaidi ya 7. Kila mmoja na zake.

Mimi kwetu ni Nyangamara. Kwa wasioijua: ni kata ya huku Mtama, mkoa wa Lindi, barabara ya vumbi, mikorosho kulia na kushoto. Kwa kweli watu wa Lindi tungepaswa kuwa mabingwa wa dunia wa kutunza kumbukumbu. Mifupa ya mijusi mikubwa ya Tendaguru ilikaa ardhini miaka kama milioni 150 bila kulipiwa ada ya wingu, mpaka Wajerumani walipokuja kuichimba kati ya 1909 na 1913, na mmoja wao umesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin mpaka leo. Hiyo ndiyo hifadhi! Sisi tunabishana siku moja au saba.

Turudi kwenye korosho. Tangu msimu wa 2007/08 korosho zetu zinapita kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, unapimwa, anapewa karatasi yake. Mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu, unauzwa mnadani, halafu pesa inaingia kwenye akaunti ya mkulima baada ya makato. Minada yenyewe tangu msimu wa 2024/25 imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kati ya siku ya mizani na siku ya pesa kuna wiki kadhaa. Mshike hapo pa wiki kadhaa, maana ndipo penye mambo.

Ofisi yetu haihusiki na mnada wala malipo. Sisi tunatengenezea vyama vichache vya kusini ripoti: kilo ngapi zimeingia, daraja gani, mkulima namba fulani ana jumla gani. Kila usiku taarifa zinapandishwa kutoka kwenye kompyuta za vyama kwenda kwenye ghala la data. Chama cha kwetu kimo. Nadhani ndiyo sababu mojawapo walinichukua, maana naelewa mtu akisema korosho "haijakauka vizuri" anamaanisha nini.

Basi bwana, jioni moja mwezi Novemba simu inaita. Mjomba. Kwa mila zetu Wamwera ukoo ulikuwa unahesabiwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba akipiga simu hukai, unasimama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Masomo yanaendaje?"

"Tunamshukuru Mungu, mjomba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Sasa sikiliza. Hiyo kompyuta yenu imenila kilo mia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu, kwa sauti ile ya mtu ambaye hesabu ameipiga zaidi ya mara tatu. Karatasi yake ya mizani inasema kilo 412. Bei ya mnada anaijua, makato anayajua, na pesa iliyoingia benki ukiigawanya inarudi kwenye kilo 312. Amekwenda chamani, karani amefungua kompyuta, kompyuta inasema 312, na kitabu kinasema 312. "Sasa mpwa wangu, mimi nina karatasi moja, wao wana kompyuta na kitabu. Nani atashinda?"

Kilo mia, wadau. Hata ukipiga shilingi 3,000 tu kwa kilo, ni laki tatu. Kwa mtu mwenye mtoto anayeanza sekondari Januari, hiyo ni sare, madaftari, godoro na nauli.

Kesho yake nikaomba ruhusa kwa bosi, nikafungua ghala. Mstari wa mjomba: 312. Nikajaribu kurudi nyuma. Juzi? Limegoma. Muda umepita. Tukatafuta kwenye barua pepe ripoti za jumla zinazotumwa kila asubuhi, na hapo tukaona kitu. Siku mbili baada ya mjomba kupima, jumla ya chama kwa siku ile ilipungua kilo mia na kidogo kuliko ilivyosomeka jana yake. Yaani kuna mtu, au programu, ilibadilisha mistari kadhaa usiku huo. Nikahesabu kutoka siku ile hadi siku mjomba aliponipigia: siku 19. Time Travel siku 1, Fail-safe siku 7, jumla 8. Tulichelewa kwa siku 11.

Ripoti ya jumla inakwambia kwamba kitu kimebadilika. Haikwambii ni mstari wa nani, kilikuwa kiasi gani, wala nani alibadilisha. Na kile kitabu cha chama ambacho mjomba alionyeshwa? Kumbe kiliandikwa upya kwa mwandiko safi kufuata kile kilichochapwa kutoka kwenye kompyuta. Kitabu cha mwanzo chenye madoa ya mafuta ya korosho kilishawekwa mahali ambapo hakuna aliyekumbuka. Kwa hiyo kompyuta na kitabu havikuwa mashahidi wawili. Alikuwa shahidi mmoja amevaa nguo mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kuichukia ile namba 1. Na nikataka kujua kwa nini wataalamu wote hawa waliiweka.

Nadhani jibu ni kwamba iliwekwa kwa kuwafikiria wahandisi. Mnakumbuka kisa cha GitLab? Januari 31, 2017, mhandisi wao alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Alishtuka baada ya sekunde moja mbili, lakini data nyingi ilikuwa imekwenda. Njia zao tano za akiba zikawa hazifanyi kazi inavyotakiwa, ikawaokoa nakala moja iliyokuwa imechukuliwa saa kama sita kabla. Ni kisa kikubwa, kimesomwa duniani kote. Lakini angalieni aina ya kosa lenyewe: aliyelifanya alilijua palepale. Ni kosa lenye kelele. Kwa kosa la namna hiyo siku moja ni nyingi mno, unarudi dakika kumi nyuma umemaliza.

Kosa la kilo za mjomba halina kelele. Aliyelifanya hakujua kwamba amekosea. Ripoti zilitoka vizuri, jumla zilijumlishika, hakuna taa nyekundu iliyowaka. Mtu wa kwanza kuligundua ni yule anayeumia, naye hana njia ya kuligundua mpaka pesa iingie. Kama pesa inaingia baada ya wiki tatu, basi ghala linalokumbuka siku moja lilikuwa limeshasahau wiki nyingi kabla yeye hajapata hata nafasi ya kulalamika. Kwa hiyo swali la kujiuliza unapoiandika hiyo namba ni hili: mtu wa mwisho kwenye mnyororo ataona kosa baada ya siku ngapi? Sisi mafundi tutaona lini, hilo halimsaidii yeye. Ofisini hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Waliikuta 1 wakaiacha 1.

Na kwa korosho wiki tatu ni msimu mzuri! Wa kusini hamjasahau 2018. Bei za minada zilikataliwa, Novemba mwaka ule Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kusomba mzigo, halafu ukaanza uhakiki: huyu kilo zake ni zake kweli, au ni za kangomba? Malipo yakachelewa, kuna waliosubiri hadi ndani ya mwaka uliofuata. Nilikuwa bado mdogo lakini nakumbuka watu wazima wanakwenda kwenye uhakiki na karatasi zao zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Miezi baada ya mizani, mtu anatakiwa kuthibitisha alipima nini. Hata zile siku 90, ambazo ni kiwango cha juu kabisa cha Snowflake, msimu kama ule zingeisha njiani.

Sasa nikamfuata bosi. Bosi wangu ni mtu mzuri, lakini kitu cha kwanza akasema ni gharama. "Ukiweka siku 90 tutafilisika." Nikaenda kupiga hesabu, maana ndiyo kazi niliyosomeshwa na kodi zenu.

Jedwali la mizani lina mistari kama laki moja kwa msimu. Mstari mmoja hauzidi baiti 500. Zidisha: megabaiti 50. Yaani jedwali zima la jasho la watu ni dogo kuliko video mliyotumiana jana ya yule jamaa aliyeanguka na sinia la chapati. Tuchukulie hali mbaya kabisa, kwamba kila usiku jedwali lote linaandikwa upya, kwa hiyo kila siku linaacha nyuma nakala nzima ya zamani. Siku 90 mara megabaiti 50 ni gigabaiti 4.5. Tuseme bei ya kuhifadhi ni dola 25 kwa terabaiti kwa mwezi, ili hesabu iwe rahisi. Inakuja senti 11 za dola. Haifiki shilingi 500 kwa mwezi! Maandazi mawili kwa mama ntilie.

Lakini bosi hakuwa anaota. Kuna jedwali jingine pale, la kumbukumbu za kila mguso wa programu ya simu: nani amefungua, amebonyeza wapi, saa ngapi. Hilo lina gigabaiti 200, nalo linaandikwa upya lote kila usiku (msiniulize kwa nini, nilikuta hivyo). Siku 90 mara 200 ni terabaiti 18. Dola 450 kwa mwezi, zaidi ya milioni moja ya kwetu, bado hujahesabu terabaiti 1.4 za Fail-safe. Kwa ajili ya nini? Hakuna mkulima atakayekuja kudai mguso wake wa simu wa Septemba. Lile siku 0 au 1 linatosha kabisa, tena likiundwa kama jedwali la mpito halina hata Fail-safe ya kulipia.

Kwa hiyo ugomvi wetu wote ulikuwa wa bure, kwa sababu tulikuwa tunagombania namba moja ya ghala zima. Snowflake inakuruhusu kuweka namba kwenye akaunti nzima, kwenye hifadhidata, kwenye skima, au kwenye jedwali mojamoja, na iliyo karibu zaidi na jedwali ndiyo inayofuatwa. Mguso wa simu uwe 0, mizani iwe 90. Kwisha habari.

Au ndivyo nilivyodhani... Kumbe ofisi iko kwenye daraja la chini, lile la 0 au 1. Kupanda daraja kunaongeza bei ya kila saa ambayo mashine zinafanya kazi, kwa kila kitu, hata kwa ripoti zisizohusiana na mizani. Hifadhi yenyewe ni maandazi mawili, ila ruhusa ya kuhifadhi ndiyo yenye bei. Hapo nikamwelewa bosi, ingawa sikumwambia.

Kabla sijasema tulifanya nini, ngoja niwamwagie nondo kidogo wenzangu wa kompyuta, maana haya nimeyakuta nikipekua na yangewatoa jasho. Kwanza, ukiongeza siku leo, haifufui kilichokwisha kwenda. Kipande kilichokwishaingia Fail-safe hakirudi kwa kuwa umebadili 1 kuwa 90, ni vile ambavyo bado viko ndani ya muda ndivyo vinavyoongezewa maisha. Pili, unaweza kuweka jedwali siku 90 ndani ya hifadhidata ya siku 1, ukajiona mjanja. Mtu akiifuta hifadhidata nzima, jedwali lako linafuata siku za hifadhidata, 90 zako hazitambuliwi. Tatu, na hii ndiyo iliyoniudhi zaidi: kama programu yenu ya usiku inafuta jedwali na kuunda jipya lenye jina lilelile, jipya halina kumbukumbu za lile la jana. Ukiliuliza ya juzi linakushangaa, lilikuwa halijazaliwa. Inabidi ulibadili jina, ufufue la jana, nalo ulibadili jina, ufufue la juzi, kama kumenya kitunguu, na machozi juu.

Lakini nilivyozidi kuangalia, nikaona kwamba hata tungekuwa na hizo siku 90, bado mjomba angepata nusu ya jibu. Tungeona kwamba Jumanne ilikuwa 412 na Alhamisi ni 312. Tusingeona sababu. Kifaa hiki kinakumbuka sura ya jedwali, hakikumbuki maelezo ya mtu. Na hapa nikamkumbuka karani wa zamani wa chama chetu, mzee mmoja wa kofia na kalamu ya wino sikioni. Yule akikosea kitabuni hakufuta. Alikuwa anapiga mstari mmoja juu ya namba ya makosa, ili isomeke bado, anaandika sahihi juu yake, halafu anatia saini pembeni na tarehe. Ukimuuliza atakwambia nani alikuja, alilalamika nini. Wahasibu wote walifundishwa hivyo. Sisi tukaja na kompyuta tukawapa kifutio chenye nguvu kuliko vyote duniani, halafu tukaita maendeleo.

Basi ndicho tulichofanya, na wala hatukuhitaji kupanda daraja. Jedwali la mizani sasa halibadilishwi mstari. Marekebisho yakija, yanaingia kama mstari mpya: namba ya mkulima, kilo za zamani, kilo mpya, nani amebadilisha, saa ngapi, sababu gani. Sababu ikiwa tupu mstari haupokelewi. Ripoti inasoma mstari wa mwisho, lakini yote iliyotangulia ipo, na inakaa msimu huu na ujao. Ile Time Travel ya siku 1 tumeiacha ifanye kazi iliyotengenezewa, kutuokoa sisi mafundi tukiteleza mchana. Nilitumia siku tatu za jioni na chupa mbili za uji wa ulezi.

Bosi alipoona imekaa vizuri akanogewa. "Sasa tuhifadhi kila kitu milele!" Nikamwambia taratibu bosi. Mistari hiyo ina majina ya watu na namba zao za simu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na ndani yake taarifa za mtu hazitakiwi kukaa kupita mahitaji yaliyofanya zikusanywe, na mwenyewe ana haki ya kuomba zirekebishwe au zifutwe. Mkulima akisema futeni namba yangu ya simu, ukaifuta leo, kwenye ghala la siku 90 bado inasomeka miezi mitatu. Kwenye jedwali letu lisilofutika ingesomeka milele. Kwa hiyo kilo tumezitenga na simu. Kilo zinakaa na namba ya mkulima tu, simu na majina yako kwenye jedwali dogo la pembeni lenye siku 0, ukifuta unabaki kusubiri Fail-safe imalize wiki yake. Wale wa sheria mliovumilia mpaka hapa, naomba mnisaidie: msimu huu na ujao, inatosha kisheria kwa kumbukumbu za kilo? Nani ananunua soda tukae tuongee?

Mjomba wangu alilipwa. Aliipeleka karatasi yake mbele ya kikao cha chama, ikaonekana muhuri ni wao, saini ni yao, wakamwingizia tofauti kwenye malipo yaliyofuata. Hakuna aliyeeleza 412 iligeukaje 312. Hisia yangu ni kwamba mtu alikuwa anarekebisha mstari wa jirani na kidole kikateleza, ila ni hisia tu, ushahidi ulishafutika siku 11 kabla sijauomba.

Ila ile jumla ilipungua kilo mia na kidogo, mnakumbuka? Mia ni za mjomba. Hiyo "kidogo" ni kilo 38, na kwa kulinganisha ripoti za siku zile tunajua zimetoka kwa watu wa kijiji kilekile, ila hatujui kwa nani. Mjomba amezunguka nyumba kwa nyumba kuuliza. Kuna mama mmoja mjane anaamini ni zake, anakumbuka vizuri alipima magunia mangapi na nani alimsaidia kubeba. Karatasi yake aliiweka juu ya dari, mchwa wakaila. Chama kinasema bila karatasi hakiwezi kulipa, na mimi sina cha kuwaonyesha. Kikao kingine ni mwisho wa mwezi, nimemwandikia mjomba barua ya kueleza kile ripoti zinachoonyesha, ataisoma mbele yao. Nikipata jibu nitawaambia.

Haya, Jumatatu nina testi ya takwimu na sijafungua daftari. Mwenye past paper anitafute kwenye vimbwete baada ya magharibi, chai juu yangu... bumu likitoka.